Kichaga cha Bi Santuri

"Kwenye ukumbi wangu hapajawahi kuwa kimya hata sekunde moja," shangazi yangu alisema redioni, kipindi cha asubuhi, watu wakipiga mswaki. "Miaka kumi na tisa. Siku mkisikia kimya, msiulize kulikoni. Leteni sanda."

Mtangazaji akacheka. Shangazi akacheka. Mimi niliyekuwa benchi la wageni, nje ya kioo, sikucheka, maana ukiacha daktari mmoja nilikuwa mtu pekee aliyejua kwamba sikio la kushoto la yule mama halisikii hata ubamize mlango. Wahenga walisema kinywa huponza kichwa. Hawakuwa na redio, kwa hiyo hawakujua kinywa kinaweza kuponza kichwa, na mtaa mzima ukasikiliza kikiponza.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Jumatatu hadi Jumamosi ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na viuno vya watoto wa mtaani kwetu anavijua kuliko mama zao. Jumapili saa nane mchana anafunga kibanda, anashuka ngazi kumi na saba chini ya duka la vigae, na akifika ngazi ya mwisho si fundi tena. Ni Bi Santuri.

Ukumbi wenyewe hauna kibao wala madirisha. Ulikuwa stoo ya vigae, na hadi leo ukiegemea ukuta unatoka na vumbi jeupe mgongoni, ndipo mkeo anapojua ulikokuwa. Wanaoshuka ni manesi waliotoka zamu, mafundi wa kuchomelea, walimu wawili wa hesabu wanaojifanya hawajuani, matarishi, wapishi wa hoteli. Wanakuja kucheza disko la zamani na ule muziki wa ngoma nzito usio na maneno, ambao redio haziupigi kwa sababu hauna mtu wa kumhoji. Saa nane mpaka saa kumi na mbili, kisha kila mtu anarudi juu kwenye jua akiwa amekunja uso, kama aliyetoka kulipa bili ya maji.

Alivyoingia kwenye kazi hii ni hadithi anayoipenda, kwa hiyo nitaifupisha. Alikuwa amekuja kupima mapazia mazito ya kuzuia sauti isipande dukani. DJ wa siku hizo alikuwa ametoka kuvuta sigara, akakutana na mkewe huko nje, na kilichofuata hakikuwa na haraka ya kuisha. Santuri ikawa inakaribia mwisho. Shangazi, futi kamba shingoni, akatazama huku na huku, akachukua nyingine, akaiweka kwenye meza ya pili, akapiga mguu kama anakanyaga cherehani mpaka miguu ya nyimbo zote mbili ikalingana, akazibadilisha. Watu hawakugundua kitu. DJ aliporudi na shati lililochanika alikuta nafasi yake ina mtu. Shangazi akamshonea shati bure.

Sasa niseme kazi inavyofanyika, maana bila hili hutaelewa kwa nini tuliogopa.

DJ wa santuri ana meza mbili za kuzungushia santuri na kisanduku katikati kinachoitwa mikisa. Kila meza ina kitufe chake cha kuteleza kwenye ile mikisa. Ukikipandisha, ukumbi unasikia; ukikishusha, unasikia wewe tu kwenye hedifoni. Sikio moja linakuwa ndani ya hedifoni likisikiliza wimbo unaokuja, jingine linabaki wazi kusikiliza ukumbi. Lazima nyimbo mbili zitembee hatua moja kabla hujaziunganisha. Kwa hiyo kila DJ ana sikio la chumbani na sikio la ukumbini. Sikio la ukumbini la Shangazi ndilo lililokufa.

Alichofanya hakukisema kwa mtu. Alivua viatu. Tangu siku ya kwanza alikuwa anasimama juu ya kichaga, zile mbao wanazopangia maboksi ya vigae, kwa sababu meza ilikuwa ndefu na yeye mfupi. Mbao zile zilikuwa zimelegea, na ngoma nzito ikipigwa zilitetemeka mpaka kwenye goti. Sikio lilipokufa, nyayo zikachukua kazi. Miaka arobaini kwenye kanyagio la cherehani si mchezo. Mguu wa kulia wa Shangazi una akili kuliko baadhi ya wahadhiri walionifundisha umeme, kabla hatujaachana mimi na chuo mwaka wa pili, kwa makubaliano ya upande mmoja.

Mimi niligundua kwa saa. Anayo saa ya mkononi ya marehemu babu, ya kutia ufunguo, inayogonga tik tik. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, mkono ameunyoosha, akiisogeza saa taratibu kuelekea sikio la kulia, lile zima. Akaisimamisha pale alipoanza kuisikia. Akaweka kiganja kupima: kutoka sikioni hadi kwenye saa, shubiri mbili.

"Unafanya nini, Shangazi?"

Hakugeuka. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto.

Basi nikajua la kushoto. La kulia akaniambia mwenyewe, baada ya kuniapisha kwa kaburi la babu, na kwa kaburi langu endapo ningefungua mdomo. Daktari wa masikio alikuwa ameshasema: la kushoto limekwisha, la kulia linaaga. Kelele ya kila Jumapili inalila. Kifaa cha kusikilizia kingesaidia mazungumzo, lakini ngoma mbili kwa wakati mmoja kingezifanya uji.

"Apumzike," daktari alisema, akinitazama mimi, kama vile Shangazi ni mzigo nilioubeba.

Hakupumzika. Kila asubuhi alipima. Shubiri moja na nusu. Shubiri moja. Kuna wakati nilimsikia chumbani akiitia ufunguo, kimya, kisha akiitia tena, akitaka kosa liwe la saa.

Akiwa hapo, shubiri moja, ndipo redio ikamwita kwenye kipindi cha wanawake wenye kazi mbili, naye akaenda akasema alichosema. Nilimuuliza njiani kwa nini.

"Mtu anayeogopa mbwa anafanyaje?" akaniuliza. "Anapiga mluzi."

"Shangazi, wewe hujapiga mluzi. Umemwita mbwa kwa jina."

Jumapili iliyofuata tukakuta kitambaa cheupe kimetundikwa ukutani karibu na choo, kimekunjwa vizuri, kimebandikwa karatasi: SANDA. Aliyekitundika alijulikana hata bila kuuliza. Alikuwa Kifaranga, kijana wa miaka thelathini na tatu anayepiga muziki kwa kompyuta kwenye kumbi za juu, akitamani sana saa mbili za mwisho za Jumapili yetu. Kompyuta yake inaonyesha nyimbo kama mistari ya rangi, unalinganisha kwa macho. Shangazi alikuwa akisema kijana yule angekuwa bubu, kiziwi na kwenye simu, bado angepiga muziki.

Watu walicheka sana kuhusu sanda. Shangazi alikipima kitambaa kwa mkono, kifundi.

"Mita nne," akamwambia Kifaranga. "Hizi nyonga unaziona au unaziangalia tu? Ongeza mbili."

"Nitaongeza, Bi mkubwa. Wewe tu usiharakishe."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa namtazama miguuni. Vidole vya Shangazi vilikuwa vimeshika ubao wa kichaga kama kuku aliyeshika tawi.

Kilichobaki ilikuwa sherehe ya mwaka wa ishirini. Bwana Vigae, mwenye duka la juu na mwenye ukumbi, ni mtu mwema, na hakuna anayeweza kukuumiza kama mtu mwema aliyepata wazo. Wiki nzima alikuwa anatabasamu peke yake. Siku ya Jumapili tulifika saa sita kupangusa santuri, akatufungulia mwenyewe, akawasha taa zote.

Palipokuwa na kichaga palikuwa na jukwaa la zege, limenyooka, limepigwa vigae vyeupe vyenye mstari wa dhahabu.

"Malkia hasimami juu ya mbao za mizigo," Bwana Vigae alisema. "Hivyo ni vya daraja la kwanza. Nimevitoa kwenye boksi ambalo halijafunguliwa."

"Kichaga kiko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Kile? Kimeondoka Ijumaa na vingine. Yule mnunuzi wa vichaga alikuja na gari."

"Ahsante," Shangazi akasema. "Ahsante sana, Bwana."

Alivua viatu, akapanda. Aliniambia nipige wimbo wowote. Nikapiga, sauti yote, mpaka vumbi likashuka darini. Yeye alisimama pale katikati ya vigae vya daraja la kwanza, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na wenyeji wamehama. Kisha akanifanyia ishara nizime.

"Jiwe," akasema. "Nimesimama juu ya jiwe."

Asubuhi ile saa ya babu alikuwa ameisikia kwenye vidole vinne tu kutoka sikioni.

Nilimwambia aseme anaumwa. Nilimwambia nitakata umeme. Ni kitu pekee nilichofuzu chuoni. Alikataa vyote. Akiahirisha leo, watauliza. Wakiuliza, watajua. Wakijua, ukumbi unakwenda kwa Kifaranga, na yeye anabaki na cherehani na saa ya babu. Alilisema hili taratibu huku akipangusa santuri moja, ileile, mara ya tatu.

"Nitatumia macho," alisema. "Yule fundi wa kuchomelea hakosei hatua. Nikimtazama yeye, nimesikia ukumbi."

Saa nane watu walikuwa mia na sitini. Bwana Vigae alivaa suti. Kifaranga alikuja akasimama mbele kabisa, mikono kifuani, hatua tatu kutoka kwenye jukwaa. Mimi, fundi wao wa waya, nilikaa nyuma, kwenye swichi kubwa ya umeme karibu na mlango, na viganja vyangu vilikuwa vimelowa mpaka niliogopa kuigusa.

Saa ya kwanza ilikwenda. Sijui kama ilikwenda vizuri, maana kila alipobadilisha wimbo nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nikifumbua namwona amemkodolea macho fundi wa kuchomelea, mtu mzima, mnene, jasho linamtiririka, ambaye hakujua kwamba pale alipo amebeba ukumbi mzima kwenye nyonga zake. Mara mbili nyimbo zilikwaruzana kidogo. Mwalimu mmoja wa hesabu aliinua kichwa. Akaendelea kucheza.

Shangazi hakutoa hedifoni sikioni. Hilo ndilo lililonitia baridi. DJ akimaliza kubadilisha anaitoa, anasikiliza ukumbi, anapumua. Yeye aliing'ang'aniza kwenye sikio lake zima kama mtu aliyeshikilia kamba ya ndoo kisimani. Aliogopa akiitoa ataupoteza wimbo, na kwa kuiacha pale hakuusikia ukumbi hata kidogo.

Saa kumi kasoro, fundi wa kuchomelea akaenda kunywa maji.

Niliona macho ya Shangazi yakimtafuta. Yakaenda kulia, yakarudi, yakaenda mlangoni. Wimbo wa kwenye meza ya kwanza ulikuwa unaisha. Alikuwa na mwingine tayari kwenye meza ya pili, anausikia kwenye hedifoni, mzuri, wa ngoma nzito. Mkono wake wa kushoto ukashusha kitufe cha wimbo unaoisha. Mkono wa kulia ulipaswa kupandisha wa pili. Ulibaki hewani. Ulikuwa bado unamtafuta fundi wa kuchomelea.

Ukumbi ukanyamaza.

Sijawahi kuusikia ukumbi ule. Nilisikia feni. Nilisikia bomba la chooni. Nilisikia nguo za watu, viatu vikimalizia hatua ambayo haikuwa na muziki tena. Nesi mmoja alibaki na mkono juu. Halafu vichwa, kimoja kimoja, vikageukia kile kitambaa cheupe ukutani, na kutoka pale vikamgeukia Shangazi.

Na Shangazi alikuwa anacheza.

Hakujua; alidhani kitufe cha pili ameshakipandisha. Kwenye hedifoni wimbo ulikuwa unaendelea, na chini ya nyayo palikuwa na jiwe lisilosema kitu. Alikuwa amefumba macho, kwa mara ya kwanza siku ile, ametulia, bega linakwenda, kichwa kinakubali, akidhani tumo naye. Kwenye kichaga angejua kabla yetu. Niliwahi kuogopa mtihani, niliwahi kuogopa polisi, na nikiwa mdogo niliogopa koti lililotundikwa mlangoni. Vyote vilikuwa mazoezi. Nilitaka kuita, na ndipo nikakumbuka kwamba kumwita ni kazi bure.

Nilihesabu. Nilifika kumi na moja.

Kifaranga alipanda jukwaani. Hakumjia kwa nyuma. Alizunguka meza mpaka mbele yake, akasubiri kivuli chake kimfikie usoni. Shangazi akafumbua macho. Kifaranga aliweka kidole kwenye kitufe cha pili, akakipandisha, na ngoma ikaangukia ukumbi kama mlango wa bati. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Waya," akasema. "Fundi wa nusu diploma amefunga nusu waya."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Watu mia na sitini waligeuka kunitazama, na mimi, ambaye waya zangu zilikuwa safi kuliko mistari ya daftari langu, nikainua mikono yote miwili kama mwizi. Sijawahi kutukanwa kwa raha kiasi kile. Hadi leo Bwana Vigae hataki niguse hata balbu.

Kifaranga hakushuka. Alisimama kando ya Shangazi mpaka saa kumi na mbili, na kila wimbo ulipobadilishwa alikuwa anagonga meza kwa kidole, hapo alipoweza kukiona.

Watu walipopanda juu tulibaki watatu kwenye stoo ndogo ya nyuma, kati ya maboksi. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, mikono mapajani. Aliiangalia kana kwamba ni ya mteja.

Kifaranga alichuchumaa upande wake wa kulia bila kuambiwa.

"La kushoto?"

"Limekwisha. Miaka mitatu."

"Na hili?"

"Vidole vinne," Shangazi alisema. Kifaranga hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

"Mimi la kulia," akasema. "Mwaka wa pili huu. Unadhani ile kompyuta niliinunua kwa raha? Kukaa saa tano kutazama mistari kama mtu anayesubiri matokeo?"

Shangazi akamgeukia.

"Na sanda?"

"Nilitaka uache, Bi mkubwa. Nilikuona miezi sita iliyopita, jinsi unavyogeuza kichwa. Nikasema akiaibika atakasirika, akikasirika ataacha, akiacha litabaki hilo moja." Akajikuna shingo. "Sikujua ningekuwepo siku yenyewe. Nilipoona kimya, niliogopa. Nilijiona mimi."

"Pumbavu," Shangazi alisema, lakini kwa sauti ya kumwita mtoto ale. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia mimi, pamoja na makaburi yote yale niliyoapishwa. "Naogopa kuamka. Usiku siogopi. Naogopa ile asubuhi nitakayoitia saa ufunguo, niiweke sikioni kabisa, iguse, na isiseme."

Lilikuwa jambo la kweli, na utani wangu ulikuwa umeisha.

Walikubaliana pale pale, kwenye maboksi. Shangazi atapiga saa moja na nusu ya mwanzo, sauti imepunguzwa, pamba sikioni mpaka dakika ya kuanza. Kifaranga atachukua zilizobaki. Bwana Vigae aliambiwa ni baridi yabisi ya miguu, na kwamba malkia anaomba mbao juu ya vigae.

"Juu ya vigae vyangu?" aliuliza, ameumia.

"Katikati tu," Shangazi alimwambia. "Pembeni vitaonekana."

Kile kitambaa cheupe alikishusha mwenyewe, akakikata, akashona vifuniko vya meza mbili za santuri. Mita nne zilitosha kabisa.

Jumatatu, kabla ya kufungua kibanda, tulikwenda kwa mnunuzi wa vichaga. Saa asubuhi ile ilikuwa vidole vitatu, hakuniambia, nilimwona. Kichaga chake cha zamani kilikuwa kimeshapasuliwa kuwa banda la kuku. Basi alivua viatu pale uani, akaanza kupanda kimoja baada ya kingine, akiniambia nigonge upande wa pili kwa jiwe. Hiki kimekauka. Hiki kinadanganya. Hiki kina ubao mmoja bubu.

"Mama," mwenye vichaga alisema, "hicho ni kichaga, si kiatu."

"Gonga," Shangazi aliniambia.

Niligonga. Alisimama kwa muda, macho amefumba, vidole vimeshika ubao. Kisha akasogea hatua moja, akaniambia nigonge polepole zaidi, na polepole zaidi, mpaka nikawa nagusa tu, na bado alikuwa anahesabu kwa midomo, na hesabu yake haikupotea.

Tulichukua viwili, kimoja cha Kifaranga.

Na ukiuliza bei, kichaga kimoja kilichotumika, cha mbao laini, misumari imepigwa ndani: shilingi elfu nne.